Tangi la mimea la lita 540 katika joto la Mombasa

Maji yenye joto la nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa kila lita. Kwa nyuzi 25 hubeba 8 na kidogo, na kwa nyuzi 30 hushuka hadi 7.5 hivi. Tangi la samaki na mimea ya majini lililo sebuleni Mombasa bila kiyoyozi hukaa baina ya nyuzi 27 na 30 sehemu kubwa ya mwaka, na Kaskazi ikikolea mwezi wa Februari na Machi hupita hapo. Wakati huohuo samaki, bakteria na hata mimea hupumua kwa kasi zaidi kadiri maji yanavyopata moto: akiba inapungua huku matumizi yakiongezeka. Giza likiingia, mimea huacha kutoa oksijeni na kuanza kuivuta. Sasa stima ikatike saa nane za usiku, filta zisimame, na wenye nyumba wamelala. Matangi makubwa ya hapa kwetu hufia saa hiyo.

Ndiyo maana maelezo haya, kuanzia umbo la kioo hadi idadi ya samaki, yamepangwa kwa swali moja: je, tangi litavuka muda wa saa sita bila stima katika usiku wa joto? Miongozo mingi iliyoandikwa kwa ajili ya nchi za baridi huanza na hita. Hapa hita haina kazi. Pesa hiyo inunulie betri.

Kioo, stendi na mahali

Vipimo ninavyopendekeza ni urefu wa sentimita 150, upana 60 na kimo 60. Fundi vioo anaweza kukushawishi uchukue tangi jembamba la kwenda juu kwa kuwa linapendeza ukutani. Kataa. Tangi la 150 kwa 45 kwa 80 nalo hujaa lita 540, lakini uso wake wa maji ni mita za mraba 0.675 badala ya 0.9. Oksijeni huingia kupitia uso huo, kwa hiyo umepoteza robo ya pumzi ya tangi kabla hujaweka samaki hata mmoja. Isitoshe, kina cha sentimita 80 hakifikiki bila kulowesha bega, na sehemu usiyoifikia hutaipogoa.

Kioo kiwe cha milimita 12 pande zote na chini, kingo zikiwa zimesuguliwa. Juu, gundisha vipande vya upana wa sentimita 7 kufuata urefu wa mbele na wa nyuma, pamoja na kipande kimoja cha kukingama katikati, ili kioo cha mbele kisitune maji yakijaa. Silikoni iwe ile inayonuka siki inapokauka, isiyotiwa dawa ya ukungu; silikoni nyingi za bafuni zina dawa hiyo, na huua samaki polepole bila mtu kujua chanzo. Futa kingo kwa spiriti, gundisha, acha siku saba. Kisha lijaze tangi likiwa nje, juu ya sakafu iliyo sawa, na uliache saa 48. Tone likionekana, afadhali lionekane uani.

Kioo cha milimita 12 huwa na uzito wa kilo 30 kwa mita ya mraba, kwa hiyo tangi tupu ni kilo mia na zaidi. Ongeza maji, mchanga, mawe na stendi, ukadirie kilo 750. Sakafu ya zege ya chini haina shida. Lakini ukikaa ghorofani katika nyumba ya Mji wa Kale ambayo sakafu yake imebebwa na boriti za mikoko, usilipandishe tangi hili juu. Liweke chini, au ujenge dogo.

Stendi ichomelewe kwa chuma cha mraba cha inchi mbili kwa mbili, unene usiopungua milimita 2, miguu sita: minne ya pembeni na miwili ya katikati. Vyuma vya juu vikae juu ya miguu, visichomelewe ubavuni mwake, maana weldi ya ubavuni ndiyo inayobeba uzito wote na ndiyo inayoachia. Upepo wa bahari hula chuma, kwa hiyo ncha zote za bomba zizibwe, zipakwe rangi ya oksaidi nyekundu mara mbili, kisha rangi ya mafuta mara mbili. Juu weka plaiwudi ya baharini ya milimita 18, na juu yake foamu ya milimita 10. Pima kwa pima maji kwa urefu na kwa upana. Tofauti ikizidi milimita 3, weka vipande vya chuma chini ya miguu kabla tangi halijakaa.

Mahali pazuri ni ukuta usiopigwa na jua la alasiri, karibu na njia ya upepo. Jua la saa moja tu kupitia dirisha la magharibi hupandisha joto la maji na kuyageuza kuwa kijani.

Maji: chumvi kwanza, klorini baadaye

Visima vya kisiwani, Nyali na Kisauni vimechimbwa ndani ya mawe ya matumbawe. Maji yake ni magumu, na karibu na bahari yana chumvi. Maji ya mfereji hutoka vyanzo mbalimbali, vikiwemo Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, na ya mtaa wako yanaweza kubadilika kulingana na chanzo kilichofunguliwa. Ya lori na ya mkokoteni ndiyo usiyoyajua kabisa. Kwa hiyo pima kila shehena, si mara moja kwa mwaka. Kipima TDS hukupa jumla ya vilivyoyeyuka. Vipimo vya matone hukupa ugumu wa jumla, yaani GH, na ugumu wa kabonati, yaani KH. Lenga GH 5 hadi 8, KH 3 hadi 5, na TDS chini ya 300. Maji ya kisima yenye TDS inayozidi 1,000 usiyatumie hata kidogo kidogo. Chumvi ya bahari haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kuachwa yatulie.

Yanayobaki yanachanganywa. Maji ya mfereji yenye GH 16 ukiyachanganya na ya mvua, sehemu moja kwa mbili, unapata GH 5 na kitu. Masika na vuli ndizo nyakati za kukinga. Acha nusu saa ya kwanza ya mvua ioshe mabati, kisha kinga. Paa la makuti hutoa maji ya rangi ya chai yaliyojaa uozo, na la asbesto liache kabisa. Mvua zikikosekana, nunua maji ya RO, yaani yaliyochujwa mpaka karibu madini yote yakatoka, kwenye maduka ya kujazia mitungi, lakini chukua kipima chako: yakisoma chini ya 30 ni mazuri, yakisoma 150 muuzaji ameyatia madini tena. Usijaze tangi kwa maji ya mvua pekee. KH ikifika sifuri hakuna kinachoshikilia pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, nayo inaweza kuporomoka kwa usiku mmoja.

Weka tangi la plastiki la lita 500 la kuchanganyia na kutulizia. Lifunike kwa kifuniko na wavu mdogo, tafadhali: mbu anayeeneza homa ya dengue hutaga kwenye maji masafi kama hayo, ndani ya nyumba zetu. Klorini hutoka kwa kupuliziwa hewa saa 24 hadi 48. Ukiwa na haraka, gramu moja ya chembe za thiosalfeti ya sodiamu hutosha lita 120 zenye klorini ya miligramu 1 kwa lita.

Jambo moja linalosahaulika sana: mvuke hauondoki na chumvi. Maji yanayopungua kati ya wiki yarudishwe kwa maji ya mvua au ya RO. Ukirudishia ya mfereji kila siku, ndani ya miezi michache TDS itakuwa imepanda maradufu hata kama unabadilisha maji kwa uaminifu.

Udongo, mchanga, mawe na magogo

Sakafu ya tangi ni mita za mraba 0.9, kwa hiyo kila sentimita ya kimo ni lita 9. Chini weka udongo wa sentimita 3, yaani lita 27. Uwe wa shamba, wenye asili ya mfinyanzi mwekundu, usiopigwa dawa wala kutiwa mbolea. Uchekeche, uloweke siku mbili, mwaga maji, uanike juu ya turubai mpaka ukauke kabisa. Rudia mara tatu au nne. Jua letu hufanya kazi hii haraka. Huko kukauka na kulowa hutoa chumvi na kuwapa bakteria nafasi ya kumaliza uozo ambao ungegeuka amonia ndani ya tangi. Usizidishe sentimita 3. Katika maji ya nyuzi 29 udongo mnene huoza kwa kasi na kula oksijeni ileile tunayoitafuta.

Juu yake weka mchanga wa mto wenye punje za milimita 1 hadi 2, wastani wa sentimita 4: lita 36, karibu kilo 58. Mbele uwe mwembamba, nyuma mzito. Uoshe mpaka maji yatoke meupe. Mchanga laini wa kupigia lipu hushikamana, hukosa hewa, na baada ya miezi michache hutoa gesi yenye harufu ya mayai viza. Wa ufukweni umejaa chumvi na vipande vya makombe. Kuujua mchanga ni rahisi: mwagia siki nyeupe, ukitoa povu una kabonati, na utaendelea kuyafanya maji magumu kwa miaka.

Mtihani huohuo wa siki tumia kwa mawe. Matumbawe hufeli palepale. Mawe bapa ya Mazeras, yale yanayotandikwa barazani na kwenye vijia, ni ya jamii ya mchanga ulioshikamana na kwa kawaida hupita. Yakipangwa kwa mwinamo mmoja hupendeza kuliko mawe mengi ya kuagizwa. Magogo yatoke kwenye mizizi na matawi makavu ya mpera, yaliyobanduliwa gome na kulowekwa wiki tatu au nne mpaka yazame. Mikoko usiiguse, kwani inalindwa na imejaa chumvi. Mwarobaini nao si mti wa kutia majini penye samaki. Mkungu tunao kila mtaa: majani yake makavu, yaliyodondoka yenyewe na kuoshwa, hutoa rangi ya chai hafifu na kuteremsha pH kidogo. Jani moja kwa lita 50 linatosha, na libadilishwe linapochakaa.

Filta na stima

Hapa ndipo pa kutumia akili na pesa nyingi kuliko mahali pengine popote.

Filta ya mkebe ya nje ni nzuri, lakini ni chombo kilichofungwa. Stima ikikatika, bakteria walio ndani humaliza oksijeni ya mkebe kwa muda mfupi, huanza kufa, na uchafu ulionaswa huanza kuoza bila hewa. Stima ikirudi, pampu hujiwasha na kusukuma maji hayo yaliyooza moja kwa moja kwa samaki. Watu huona samaki wamekufa asubuhi na kulaumu giza, kumbe waliuawa na mwanga ulipowaka. Kwa hiyo kanuni ni hii: ikikatika chini ya saa moja, acha. Ikizidi saa mbili, chomoa plagi, funga vali, fungua mkebe, mwaga maji yake nje, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uwashe.

Afadhali zaidi, usiitegemee filta ya mkebe peke yake. Weka moja yenye kiwango cha lita 1,400 kwa saa, au mbili za kiasi hicho ukiweza (kiwango cha kwenye boksi hushuka hadi karibu nusu mkebe ukijaa vichujio), kisha ongeza filta mbili kubwa za sponji zinazoendeshwa kwa hewa, ndani ya tangi, nyuma ya magogo. Sponji hukaa ndani ya maji yanayopumua, kwa hiyo pampu ya hewa ikiendelea bakteria wake wako salama hata mkebe ukifa wote. Mabomba ya kutolea maji yaelekezwe juu yavuruge uso wa maji. Uso uliotulia hufanya utando wa mafuta, na utando huo huzuia hewa kuingia.

Hesabu ya betri: betri ya sola ya volti 12 na saa-ampea 100 ina saa-wati 1,200. Ya risasi itumie nusu tu ili idumu, yaani 600. Pampu ya hewa ya wati 8 na filta moja ya wati 25, pamoja na hasara ya inveta, hula wati 39 hivi. Unapata saa 15. Betri ya gari haifai kwa kazi hii, maana huharibika ikimalizwa mara kadhaa. Uwezo ukiwa mdogo, pampu ya USB ya wati 2 au 3 kwenye powabenki ya 20,000 mAh huenda usiku kucha na zaidi. Zipo pia pampu za hewa zenye betri ndani zinazojiwasha stima ikikatika, na hizo ndizo ninazozipenda kuliko zote kwa sababu hazimngoji mtu aamke. Chochote ulichochagua, kijaribu kabla ya Kaskazi: zima swichi kuu makusudi saa mbili za usiku na uangalie mpaka saa nane kama kuna samaki anayepanda juu kutwetea.

Usipokuwa na lolote, chota kwa jagi umimine kutoka juu kwa dakika kadhaa kila robo saa, na usilishe siku hiyo. Samaki aliyeshiba hutumia oksijeni zaidi. Kwa sababu hiyohiyo lisha asubuhi, kamwe si usiku.

Nyaya zote ziwe na mteremko unaoshuka chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone liangukie sakafuni. Ekstensheni itundikwe ukutani, na mzunguko huo uwe na kikata umeme cha miliampea 30, kile kinachokata umeme unapovuja. Hewa ya chumvi huweka kutu kwenye meno ya plagi. Yasugue kila baada ya miezi michache.

Kupoza: feni mbili za kompyuta za volti 12 zikipuliza kwa mshazari juu ya maji hushusha nyuzi 2 hivi, pungufu siku zenye unyevu mwingi. Usifunike kwa kioo kizima. Tumia wavu, unaozuia samaki kuruka na kuachia joto litoke.

Na gesi ya kabonidayoksaidi, ile inayopulizwa majini kulisha mimea? Msimamo wangu ni kwamba tangi kubwa Mombasa halihitaji. Inaleta ukuaji wa haraka, taa kali zaidi, mbolea zaidi, na samaki wanaokaa karibu na ukingo wa kukosa pumzi. Ukisisitiza, tumia mtungi wenye vali ya umeme inayojifunga stima ikikatika, washa saa mbili kabla ya taa, zima saa moja kabla hazijazimwa, na kiashiria cha gesi hiyo majini kisipite rangi ya kijani, ambayo ni takriban miligramu 30 kwa lita. Zile chupa za sukari na hamira ziache kabisa. Kwa joto letu hamira hufura kwa fujo, na haina swichi ya usiku.

Taa na mimea

Bila gesi, lumeni 20 kwa lita zinatosha: jumla ya lumeni 10,000 hivi, yaani taa za LED za wati 100, rangi ya kelvini 6,500, zikining'inia sentimita 20 hadi 30 juu ya maji zisiyaongezee joto. Mwezi wa kwanza saa sita kwa siku, baadaye nane, kwa taima. Saa nane za mchana hadi saa nne za usiku ni ratiba nzuri kwa wanaorudi kazini jioni. Kwa ratiba hiyo oksijeni hufikia chini kabisa asubuhi kuelekea mchana, wakati kuna mtu macho nyumbani.

Panda mingi kwa siku moja, theluthi mbili ya sakafu. Nyuma weka Vallisneria miche 30 na Hygrophila difformis au Limnophila sessiliflora mashina 40. Katikati Cryptocoryne wendtii vichaka 15, na tunguu moja la Nymphaea lotus yenye majani mekundu, ambayo asili yake ni Afrika na hufurahia joto hili. Juu ya magogo funga Anubias barteri kwa uzi. Shina lake la kulala likizikwa mchangani huoza. Microsorum pteropus hupendekezwa kwa wanaoanza, lakini maji yakizidi nyuzi 28 kwa muda mrefu majani yake huingia madoa meusi. Mimea mifupi ya kutanda mbele kama zulia, inayotaka gesi na ubaridi, iache.

Cryptocoryne itamwaga majani wiki ya pili. Usiing'oe; mizizi iko hai na majani mapya yatakuja. Usitie ile dawa ya majimaji ya glutaraldehidi inayouzwa kama kaboni, kwa kuwa huyeyusha Vallisneria. Mimea ya kuelea kama Pistia hunyonya amonia vizuri sana wiki za mwanzo, ila isifunike zaidi ya robo ya uso, kwa sababu ya hewa.

Wiki za mwanzo na samaki

Udongo utatoa amonia. Bakteria wa kwanza huigeuza nitriti, wa pili hugeuza nitriti kuwa nitrati. Katika joto letu huchukua wiki tatu hadi tano. Pima amonia na nitriti kila baada ya siku mbili, na badilisha nusu ya maji amonia ikipita miligramu 2. Zote mbili zikisoma sifuri wiki nzima, tangi liko tayari. Usidanganywe na maji kung'aa, kwani uangavu hausemi lolote kuhusu amonia. Jihadhari zaidi na pH: kwa nyuzi 28, maji ya pH 7 huwa na chini ya asilimia 1 ya amonia yake katika hali ya sumu; ya pH 8, karibu asilimia 7. Kiasi kisichodhuru kwa mwenzako mwenye maji laini kinaweza kuua kwako uliye juu ya matumbawe.

Chagua samaki wa maji moto. Kadinali, Paracheirodon axelrodi, 30. Neoni wa kawaida hupenda ubaridi zaidi na hapa hafiki mbali. Corydoras sterbai 10, maana wenzake wengi wa jamii hiyo hawawezi nyuzi 28. Gurami lulu, Trichopodus leerii, 5, mwenye kiungo cha kuvuta hewa ya juu. Crossocheilus wa kula mwani 4. Waingize kumi kumi, wiki mbili kati ya kundi na kundi, na uishie hapo hata kama tangi linaonekana lina nafasi. Samaki wa dhahabu, perege na wale wa rangi kali wa Ziwa Malawi hung'oa au kula mimea. Nothobranchius wa vidimbwi vya msimu vya pwani yetu, kama N. palmqvisti, ni warembo ajabu, ila wanastahili tangi dogo la peke yao. Maisha yao hayafiki mbali zaidi ya mwaka.

Mbolea kwa lita 450

Ukishatoa mchanga, mawe na nafasi ya juu, maji halisi ni lita 450 hivi. Miezi mitatu ya mwanzo udongo hulisha mimea. Baadaye, kwa wiki: nitrati ya potasiamu gramu 3.7 (huongeza nitrati miligramu 5 kwa lita), MKP, yaani fosfeti ya potasiamu, gramu 0.3 (fosfeti miligramu 0.5), na chuma cha DTPA (mbolea ya chuma inayoyeyuka majini) cha asilimia 11 gramu 0.4 (chuma miligramu 0.1). Chumvi ya Epsom gramu 10 unapobadilisha maji, kwa kuwa maji ya matumbawe huwa na kalisi nyingi kuliko magnesiamu. Vyote hivi ni mbolea za wakulima wa mabanda ya plastiki, na mizani ya vito inatosha kuvipima. Usitie yurea, DAP wala CAN: zina amonia au huigeukia.

Majani ya chini yakiwa ya manjano, ongeza nitrati. Matundu yenye kingo za manjano ni potasiamu. Majani machanga yaliyopauka huku mishipa ikibaki kijani ni chuma.

Mwani

Vumbi la kahawia mwezi wa kwanza hutoka kwenye silika ya mchanga na huisha lenyewe. Nyuzi za kijani ni taa nyingi mno. Punguza saa mbili. Ndevu nyeusi kwenye Anubias hupenda maji yanayobadilika-badilika na uchafu: zima filta, nyunyiza kwa sindano hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 juu ya ndevu zenyewe, subiri dakika 15, washa. Jumla isizidi mililita 110 kwa siku. Zitageuka waridi kisha kufa. Utando wa kijani-buluu wenye harufu mbaya ni bakteria, na hujitokeza penye maji yasiyotembea na nitrati iliyokwisha; ufyonze, rekebisha mkondo, rudisha mbolea.

Kila wiki

Toa lita 120, rudisha mitungi sita ya lita 20 iliyotulizwa, yenye TDS uliyoipima. Maji yanayotoka yamwagilie maua. Fyonza uchafu juu ya mchanga bila kuchimba hadi kwenye udongo. Ukiugusa maji yatakuwa tope siku mbili. Suuza sponji moja ya hewa kwa maji ya tangi, wiki ijayo nyingine, kamwe zote mbili pamoja na kamwe kwa maji yenye klorini. Mkebe fungua kila wiki sita hadi nane.

Mashina yakate juu ya kifundo, panda upya ncha. Kichaka kilichofungamana huzuia mkondo, na usiku ndicho kinachovuta oksijeni nyingi kuliko samaki wote, kwa hiyo kabla ya Kaskazi pogoa theluthi nzima. Matawi yanayobaki yakaushe juani au uyafukie shambani. Yasifike mtoni wala mtaroni, kwa maana gugumaji la Ziwa Victoria lilianza kama ua la mapambo. Weupe unaobaki kwenye kioo juu ya maji ni chokaa: sugua kwa ndimu. Mara moja kwa mwezi pitisha kidole kwenye silikoni za pembe za chini, na uangalie miguu ya stendi mahali rangi ilipochubuka. Kutu ikwangue na uipake rangi siku hiyohiyo.